Somo la Kompyuta kwa Kila Mwanafunzi

Mwanafunzi aingiaye chuoni siku hizi kuanza masomo ya kuandika programu za kompyuta hukuta njia imekwisha kulainishwa. Huketi mbele ya mashine, huandika maagizo machache, na mara jibu huwa mbele yake. Akikosea, mashine humwonyesha alipokosea, naye husahihisha na kujaribu tena. Jambo hili laonekana la kawaida, kana kwamba limekuwapo tangu kale. Walakini wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Palikuwa na wakati, wala si zamani sana, ambapo kompyuta ilikuwa chombo cha watu wachache, na fikira ya kumfundisha kila mwanafunzi wa chuo, hata yule asomaye historia au muziki, ilihesabiwa kuwa ndoto. Insha hii yaeleza jinsi ndoto hiyo ilivyotimizwa katika chuo kimoja cha Marekani mwaka 1964, na sababu zilizoifanya itimie.

Katika miaka ya 1950 kompyuta zilikuwa mashine kubwa zilizojaza vyumba vizima, na bei yake iliwashinda wengi. Zilikaa katika idara za serikali, makampuni makubwa na vyuo vikuu vichache. Aghalabu mtu aliyetaka kufanyiwa hesabu hakuruhusiwa kuigusa mashine. Aliandika maagizo yake, yakatobolewa matundu katika kadi ngumu, kila mstari na kadi yake, kisha akalipeleka fungu la kadi kwa wahudumu. Kadi zake zilingoja zamu pamoja na kadi za watu wengine. Baada ya saa nyingi, au hata siku nzima, alirudishiwa kadi zake pamoja na karatasi ya majibu. Mara nyingi karatasi hiyo haikuwa na jibu alilolitafuta, ila habari kwamba kosa dogo limeonekana katika kadi moja. Pengine mkato ulikuwa umesahauliwa. Alitoboa kadi nyingine, akarudi tena katika foleni.

Kujifunza kwa namna hiyo kulikuwa kama kuzungumza na mtu aliye ng'ambo ya bahari kwa barua zinazosafirishwa kwa meli. Wakati jibu linapofika, aliyeuliza amekwisha kusahau kwa nini aliuliza. Mtaalamu aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo aliweza kuvumilia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwenye masomo mengine manne ya kushughulikia, hakuweza.

Kikwazo cha pili kilikuwa lugha. Kompyuta haielewi maneno ya watu. Hapana budi iandikiwe kwa lugha maalumu. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha iitwayo Fortran, na mwaka 1958 wataalamu wa Ulaya na Marekani wakabuni nyingine iitwayo Algol. Lugha hizo zilikuwa hatua kubwa mbele, kwa kuwa kabla yake watu waliandika kwa tarakimu na alama za mashine yenyewe. Hata hivyo zilitungwa kwa ajili ya wanasayansi na wahandisi. Zilijaa kanuni za mikato na nafasi ambazo mwanzoni humchosha mtu kabla hajaona faida yoyote.

Basi mambo yalikuwa hivyo wakati walimu wawili wa hisabati walipokutana katika Chuo cha Dartmouth. Chuo hiki kimo katika mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, nacho kilianzishwa mwaka 1769. Mwalimu wa kwanza aliitwa John Kemeny. Alizaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, mwaka 1926, katika jamaa ya Kiyahudi. Udhalimu wa Manazi ulipoanza kuenea Ulaya, baba yake alitangulia Marekani, na mwaka 1940 jamaa yote ikamfuata. Kijana Kemeny alifika New York karibu bila Kiingereza chochote. Walakini alipomaliza shule ya sekondari miaka mitatu baadaye alikuwa wa kwanza darasani mwake. Aliingia Chuo Kikuu cha Princeton, akasoma hisabati. Mwaka 1945 aliitwa Los Alamos, mahali ambapo Marekani ilikuwa ikitengeneza bomu la atomiki kwa siri, akafanya kazi miongoni mwa watu waliopiga hesabu kwa mashine za kadi mchana na usiku. Baadaye, alipokuwa bado mwanafunzi, alimsaidia Albert Einstein katika hesabu zake. Alifika Dartmouth katika miaka ya 1950, na baada ya muda mfupi akawa mkuu wa idara ya hisabati.

Mwalimu wa pili, Thomas Kurtz, alizaliwa jimbo la Illinois mwaka 1928. Naye alisoma Princeton, akahitimu mwaka 1956, akaja Dartmouth mwaka huo huo. Chuo hakikuwa na kompyuta. Iliyokuwa karibu ilikuwa katika chuo cha ufundi cha MIT karibu na Boston, mwendo wa kilomita zipatazo 200. Kwa hiyo Kurtz alipanda gari moshi alfajiri, kila baada ya majuma mawili, akichukua sanduku la chuma lenye kadi za wenzake na zake mwenyewe. Alizipeleka zikapita mashineni, akarudi jioni na majibu. Wiki mbili za kungoja, safari ya siku nzima, na pengine kosa moja dogo likaharibu yote. Ni vigumu kumpata shahidi bora wa taabu za utaratibu ule wa zamani kuliko mtu huyu.

Mwaka 1959 Dartmouth ilipata kompyuta yake ya kwanza, mashine ndogo iitwayo LGP-30, yenye ukubwa wa meza ya kuandikia. Hapo walimu waliona jambo lililogeuza fikira zao. Waliwaruhusu wanafunzi kuitumia mashine wenyewe, na vijana wale, ambao hawakuwa na shahada yoyote, walifanya kazi ambazo kwingineko zilikabidhiwa wataalamu. Kundi moja la wanafunzi liliandika programu ya kufasiri lugha ya Algol ili ieleweke na mashine ile ndogo. Kemeny na Kurtz wakatambua kwamba udhaifu haukuwa katika akili za wanafunzi. Udhaifu ulikuwa katika njia ya kuifikia mashine.

Hesabu moja iliwasumbua. Wanafunzi wa sayansi na uhandisi walikuwa kama robo tu ya wanafunzi wote wa Dartmouth. Robo tatu walisoma historia, lugha, siasa, biashara na mambo kama hayo. Miongoni mwa hao ndimo wangetoka viongozi wa makampuni na wa serikali, ambao siku moja wangetoa amri juu ya matumizi ya kompyuta. Je, ilifaa watoe amri juu ya kitu wasichokijua? Kuwapa mihadhara juu ya kompyuta bila kuigusa hakukutosha. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea ubaoni. Walimu wakakata shauri kwamba kila mwanafunzi lazima aandike programu kwa mkono wake.

Lakini kila mwanafunzi atafikaje kwenye mashine moja? Jibu lilitoka kwa John McCarthy, mtaalamu aliyewahi kufundisha Dartmouth kabla ya kwenda MIT. Alimshauri Kurtz kwamba watu wengi waweza kuitumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa na taipureta yake iliyoungwa na mashine kwa waya. Utaratibu huu wa kugawana wakati ni rahisi kuufahamu tukimfikiri fundi wa bao anayecheza na wapinzani kumi katika baraza moja. Humwendea wa kwanza, akacheza, akahamia kwa wa pili wakati wa kwanza anafikiri. Kwa kuwa mkono wake ni mwepesi na wapinzani huhitaji muda wa kufikiri, kila mmoja humwona kana kwamba anacheza naye peke yake. Kadhalika kompyuta humpa kila mtu sehemu ndogo ya sekunde, ikahamia kwa mwingine, ikamrudia, wala yeye asijue kwamba iliondoka.

Kurtz alikuwa na nia ya kwamba mashine iwe wazi kwa kila mwanafunzi bila malipo, kama maktaba ilivyo wazi. Mwanafunzi haulizwi maktabani sababu ya kufungua kitabu. Kwa nini aulizwe sababu ya kuitumia kompyuta? Kemeny kwa upande wake aliona kwamba mlango ulio wazi haufai kitu ikiwa ndani husemwa lugha ngumu. Kurtz alidhani mwanzoni kwamba sehemu nyepesi ya Fortran au Algol ingetosha. Kemeny alishikilia kwamba itungwe lugha mpya, naye akashinda katika hoja hiyo. Mtu aliyewahi kusimama katika darasa la ugenini asielewe neno, hakosi kujua thamani ya maneno mepesi.

Mwaka 1963 waliomba msaada wa fedha kwa shirika la serikali ya Marekani linaloendeleza sayansi, lijulikanalo kama National Science Foundation. Baadhi ya waliolichunguza ombi hilo walikuwa na shaka. Utaratibu wa kugawana wakati ulikuwa kazi ya kuwatoa jasho wahandisi waliobobea, na hawa walimu walisema kwamba wataifanya kwa mikono ya wanafunzi ambao hawajapata shahada ya kwanza! Hata hivyo fedha zilitolewa, na mapema mwaka 1964 mashine mbili za kampuni ya General Electric zikafika Hanover. Moja, GE-225, ilikuwa ya kupiga hesabu. Nyingine, Datanet-30, ilikuwa kama bawabu: kazi yake ilikuwa kusikiliza taipureta zote na kupanga zamu.

Vijana wawili, Michael Busch na John McGeachie, ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya kuzifanya mashine hizo mbili zisikilizane. Walifanya kazi usiku na mchana, huku wakiendelea na masomo yao. Kemeny naye alikuwa akitengeneza programu ya kuifasiri ile lugha mpya. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1964, yapata saa kumi za alfajiri, miezi isiyofika mitano baada ya Kenya kupata uhuru wake, watu wawili waliketi mbele ya taipureta mbili katika orofa ya chini ya jengo liitwalo College Hall. Kila mmoja alikuwa na programu yake. Kila mmoja alipiga neno la kuamuru mashine ifanye kazi. Taipureta zote mbili zikaanza kupiga, na majibu yote mawili yalikuwa sahihi.

Lugha hiyo iliitwa BASIC. Jina hilo limefanywa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya maagizo ya alama, yafaayo kwa kila kazi, kwa ajili ya mtu anayeanza. Ilikuwa na maagizo machache, yasiyozidi kumi na matano, na mengi kati yake yalikuwa maneno ya Kiingereza ambayo kila mwanafunzi wa Dartmouth aliyajua. Natutazame programu fupi ya namna ile:

10 FOR N = 1 TO 12
20 PRINT N, N * N
30 NEXT N
40 END

Mstari wa kwanza waiambia mashine ichukue tarakimu N, ianzie 1 hata 12. Wa pili waiamuru ichape tarakimu hiyo, na kando yake tarakimu hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Wa tatu wairudisha ichukue tarakimu inayofuata. Wa nne ndio mwisho. Mwanafunzi akiisha kuandika hayo hupiga neno RUN, na mashine humchapia orodha nzima ya vipeo, tangu 1 hata 144. Katika mistari minne amekwisha kuonja jambo kubwa kuliko yote katika elimu hii, yaani kuiamuru mashine irudie kazi moja mara nyingi bila kuchoka.

Msomaji ataona kwamba mistari imehesabiwa kwa makumi. Siku zile hapakuwa na kioo cha kuonyesha maandishi. Taipureta ilichapa katika karatasi, na kilichochapwa hakifutiki. Mwanafunzi akikosea mstari wa 20, aliuandika upya kwa tarakimu ile ile, na mashine ikaushika mpya ikauacha wa zamani. Akitaka kuongeza jambo kati ya 10 na 20, aliandika mstari wa 15. Kosa halikuwa tena jambo la kungojewa siku mbili. Lilisahihishwa pale pale, wakati fikira iliyolizaa ingali hai kichwani.

Vuli ya mwaka 1964 wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaanza kufundishwa. Walimu hawakuanzisha somo refu la peke yake. Waliliingiza ndani ya masomo ya hisabati ambayo wanafunzi wengi waliyachukua, na mihadhara yake ilikuwa michache tu, ya saa moja moja. Baada ya hapo kila mwanafunzi alikwenda mwenyewe kwenye taipureta, akaandika programu zake, akazijaribu, akazisahihisha mpaka zikakubali. Sehemu kubwa ya kujifunza ilikuwa kati yake na mashine. Kemeny alipenda kueleza kwamba kazi iliyowachukua watu wengi mwaka mzima huko Los Alamos, sasa mwanafunzi mmoja wa Dartmouth aliweza kuimaliza alasiri moja. Kabla ya muongo ule kwisha, shule za sekondari kadhaa za upande ule wa Marekani zilikuwa zimeungwa na mashine ya Dartmouth kwa nyaya za simu, na watoto wa umri wa wasomaji wa kitabu hiki wakawa wanaandika programu wakiwa shuleni kwao.

Si haki kuandika historia kwa sifa tupu. Mlango huu uliosemekana kuwa wazi kwa wote ulikuwa ndani ya ua uliofungwa, maana Dartmouth ilikuwa chuo cha wanaume. Wasichana hawakupokewa kuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza mpaka mwaka 1972, wakati Kemeny mwenyewe alipokuwa rais wa chuo, cheo alichokishika tangu 1970 hata 1981. Neno "kila mwanafunzi" lina maana tu kwa yule aliyekwisha kuruhusiwa kuwa mwanafunzi.

Tena lugha yenyewe haikukosa wapinzani. Agizo lake moja, GOTO, liliiruhusu programu kuruka kutoka mstari mmoja hata mwingine popote. Programu ikirefuka, miruko hiyo humpoteza msomaji, kama hadithi ambayo msimulizi wake huacha jambo katikati na kurukia jingine. Mtaalamu Mholanzi Edsger Dijkstra alilishutumu agizo hilo mwaka 1968, na mwaka 1975 aliandika kwa ukali kwamba wanafunzi walioanza na BASIC waliharibiwa fikira. Hoja yake juu ya miruko ilikuwa na nguvu, na katika miaka ya 1980 Kemeny na Kurtz walitoa namna mpya ya BASIC yenye utaratibu bora. Lakini ukali wake ulisahau jambo moja: wengi wa wanafunzi wale, kama wasingalianza na BASIC, wasingalianza kabisa. Ngazi ya chini haifiki darini, lakini bila hiyo hapana apandaye.

Matunda ya kazi ile yalienea mbali. Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen walitengeneza BASIC kwa ajili ya kompyuta ndogo iitwayo Altair, na kutokana na biashara hiyo ikazaliwa kampuni ya Microsoft. Katika miaka iliyofuata kompyuta nyingi za nyumbani ziliuzwa na BASIC ndani yake. Mwaka 1991 Microsoft ilitoa Visual Basic, na kwa miaka mingi wanafunzi wa somo la Kompyuta katika shule za sekondari za Kenya walijifunza kuandika programu kwa lugha hiyo. Wengi wao hawakujua kwamba nusu ya jina lile ilitoka Hanover. Kemeny alifariki mwaka 1992, na Kurtz mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 96. Mwaka 2019 jimbo la New Hampshire liliweka kibao kando ya barabara kukumbusha kazi yao. Heshima ambayo aghalabu hupewa majemadari na vita.

Je, historia hii yatufunza nini? Mara nyingi mwanafunzi akishindwa na somo, hulaumiwa yeye: hana akili, au ni mvivu. Pengine ni kweli. Lakini walimu hawa wawili, walipoona wengi wameachwa nje, hawakuanza kwa kuwapima walioachwa nje. Waliupima mlango. Waliona foleni ya kadi ni ndefu, wakaifuta. Waliona lugha ni nzito, wakaipunguza uzito. Wala hawakuwangoja wataalamu waje kuwafanyia. Waliwakabidhi wanafunzi kazi kubwa, nao wanafunzi wakaiweza.

Kwa msomaji anayejiandaa kuingia chuoni, huenda mwaka kesho au mwaka wa pili, na kuketi kwa mara ya kwanza katika darasa la kuandika programu, yafaa akumbuke mambo mawili. La kwanza, asiogope kukosea, kwa kuwa mashine haimcheki mtu, na kosa lililoonekana mapema ni mwalimu wa bei rahisi. La pili ni zito zaidi. Katika nchi yetu wapo vijana wengi ambao mashine haijafika shuleni kwao, au imefika nao hawaruhusiwi kuigusa, au inaguswa na wachache walio hodari wa hisabati. Atakayeijua elimu hii hana budi kujiuliza kama Kemeny na Kurtz walivyojiuliza: ni nani amebaki nje, na ni kitu gani katika mlango kinachomzuia?